Bahari Ilikuwa Tupu

Mwika, Moshi
Jumapili, 11 Februari 2024

Ndugu Shakiru Sadallah,

Salamu. Hunijui, nami sikujui. Naitwa Yuditha Mlay, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi huku Mwika. Anwani yako nimepewa na binti yangu Eunike, ambaye anafanya kazi ya mapokezi katika hosteli moja ya wageni hapo mjini Moshi. Pale ukutani, mkabala na mlango, pana picha uliyoipiga wewe.

Ni picha ya bahari, nyeusi na nyeupe. Haina mtu, haina chombo, haina hata ndege. Juu kijivu, chini kijivu kilichokolea, katikati mstari mmoja mwembamba. Nilipoiona mara ya kwanza nilifikiri aliyeipiga hakumaliza kazi. Nisamehe, sisi wa huku tumezoea picha yenye watu.

Kilichonisimamisha ni karatasi ndogo iliyobandikwa chini yake: Pangani, 14 Mei 2023, saa moja na dakika arobaini asubuhi.

Mwanangu wa mwisho anaitwa Godlove. Alikuwa akipandisha wageni mlimani. Mvua za mwezi wa nne na wa tano zikija wageni hupungua, basi rafiki yake akamwambia kuna kazi Pangani, kupakia magunia ya mwani kwenye boti na kuyapeleka Tanga. Akaenda. Boti ilipinduka alfajiri ya Jumapili hiyo hiyo, tarehe kumi na nne, ikiwa na watu watano. Wawili waliokolewa. Wawili miili yao ilipatikana. Godlove hakuonekana. Wale waliookolewa walituambia kwamba mara ya mwisho walimwona ameshikilia dumu tupu la mafuta, maji yakimpeleka mbali nao.

Saa moja na dakika arobaini mimi nilikuwa kanisani, ibada ya kwanza, tukiimba. Nimejaribu kukumbuka wimbo gani, nimeshindwa.

Nakuuliza jambo moja. Wewe ulikuwa umesimama pale na kamera, ukiyatazama maji yale yale, saa ile. Uliona chochote? Kama hukuona, basi nakuomba nakala ya picha ile, hata ndogo. Sijawahi kuiona bahari. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na tisa, nikichora mstari ubaoni na kuwaambia watoto huu ndio upeo wa macho, mahali mbingu na maji vinapokutana, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza kuna nini pale.

Mume wangu hajui kama nakuandikia. Jibu lako litume kwa basi, Eunike atalipokea pale hosteli. Sitaki tuzungumze kwa simu. Kwenye simu mtu hujibu haraka.

Wako,
Yuditha Mlay (Mama Godlove)


Pangani
3 Machi 2024

Mama Godlove,

Shikamoo.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi na moja. Naomba radhi. Pole sana, mama.

Mimi ni mtoto wa Njoro, hapo hapo Moshi. Mzee wangu, marehemu Sadallah, alikuwa na studio ya picha karibu na soko. Huenda hata wewe alikupiga picha ya pasipoti. Nilikua nikiwaelekeza watu kukaa wima na kuinua kidevu. Arusi, ubatizo, kipaimara, vitambulisho. Mzee alipofariki niliuza vifaa vyote isipokuwa kamera moja ya mkanda, nikaja huku. Nilichoshwa na nyuso. Tena kule kwetu popote unapotazama jicho linagonga mlima. Nilitaka mahali ambapo jicho linakwenda tu mpaka linaishiwa. Ndiyo maana picha zangu zina mstari peke yake. Nikiona kitu chochote kwenye fremu nakiona kama uchafu.

Ndiyo, asubuhi ile nilikuwa pale. Hapakuwa na upepo, mawingu yalikuwa yamefunika jua. Bahari ilikuwa tupu. Boti sikuiona. Habari za ajali nilizisikia jioni, niliporudi kijijini, na wakati huo watu walikuwa wameshatoka kwenda kutafuta. Ningeona kitu ningesema, lakini bahari ilikuwa tupu, mama, kama ulivyoiona mwenyewe ukutani. Ilikuwa tupu kabisa.

Nimekusafishia nakala kwa mkono wangu. Nimeifunga kati ya makaratasi magumu mawili ili isikunjike. Isiwekwe juani.

Mwanao,
Shakiru


Mwika
24 Machi 2024

Mwanangu Shakiru,

Marahaba. Umejiita mwanangu, nami nitakuita hivyo.

Picha imefika salama. Nimeiweka kabatini chini ya kanga. Baba Godlove akitoka naitoa, naipeleka mlangoni penye mwanga, najaribu kuweka kidole mahali ambapo mtoto angekuwa. Leo naweka kushoto, kesho kulia. Halafu nairudisha.

Nikueleze habari za mume wangu, maana ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie mara ya kwanza. Anaitwa Ebenezeri. Alikuwa fundi seremala. Tangu mwezi wa sita mwaka jana hajashika randa. Kila Jumamosi anavaa koti, anatia picha ya Godlove kwenye mfuko wa shati, anakwenda mpakani. Jumamosi hii Holili, ijayo Tarakea. Anasema dumu lilimsukuma mtoto mpaka Kenya, meli ikamwokota, akashushwa Mombasa bila karatasi, labda amepigwa kichwa na hakumbuki jina. Na akirudi nyumbani, atarudi kwa njia gani kama si Holili au Tarakea? Basi anakaa pale kutwa, anawaonyesha madereva wa malori ile picha. Wanamwita Baba Picha. Wanamheshimu, wanampa soda.

Mchungaji amekuja mara tatu kumwomba tufanye ibada ya mazishi, hata bila mwili. Baba Godlove alimjibu kwa upole, "Mchungaji, wewe ungezikwa ukiwa hai ungefurahi?" Mchungaji hakurudi kwa jambo hilo.

Mimi nataka kumzika mwanangu. Nimechagua mahali kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba, karibu na babu yake. Nguo zake nimezikunja. Kila mtu huku amelazwa nyumbani kwao, na mwanangu hana hata kijilima cha udongo. Lakini siwezi kumzika peke yangu, huku baba yake anamsubiri mpakani.

Wewe unakaa na watu wa bahari. Niulizie: mwezi wa tano maji ya huko yanaelekea wapi? Dumu linaweza kuelea muda gani? Nijue tu kama mume wangu ni mwendawazimu, au ana sababu.

Nakutumia kahawa ya shambani, nimeikaanga na kuisaga mwenyewe, na ndizi kavu kidogo.

Mama yako,
Yuditha


Pangani
20 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Kahawa imefika. Nimeinywa asubuhi zote tangu wiki iliyopita. Asante, japo sistahili.

Nimewauliza wavuvi. Mwezi wa tano ni msimu wa kusi. Maji husukuma kuelekea kaskazini, yaani Tanga, kisha Kenya. Dumu tupu lenye mfuniko mzuri halizami, linaweza kuelea wiki nyingi. Mmoja aliniambia aliwahi kuokota boya lililotoka mbali sana kusini. Hayo ndiyo niliyoambiwa kuhusu maji na kuhusu dumu. Kuhusu mtu hawakusema.

Kwa hiyo mzee si mwendawazimu.

Siku hizi sipigi picha. Mvua ni nyingi na chumba changu cha kusafishia kimeingia unyevu. Ukihitaji kingine chochote niandikie.

Shakiru


Mwika
9 Juni 2024

Mwanangu Shakiru,

Barua yako ya mwezi wa nne mume wangu aliiona. Niliiacha juu ya meza nilipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Niliporudi alikuwa ameisoma na miwani bado iko puani. Akaniuliza, "Huyu kijana ni nani?" Nikamweleza. Sikumtajia ile picha, nilisema tu ni mtoto wa Njoro anayeishi Pangani. Akasema, "Huyu ndiye mtu wa kwanza kusema ukweli katika nyumba hii." Alifurahi, Shakiru. Sijamwona akifurahi mwaka mzima. Akala chakula chote.

Siku ya pili aliuza ng'ombe. Siku ya tatu alivuka Holili.

Alikaa Mombasa siku kumi na tisa. Aliulizia kwenye hospitali, akaulizia bandarini, akasimama nje ya lango la gereza na ile picha. Alilala msikitini, alilala kanisani, alilala kwenye kibaraza cha fundi mwenzake aliyemwonea huruma. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemjua Godlove. Walimrudisha vijana wa lori mpaka Himo, wakampigia Eunike simu aje amchukue. Miguu imevimba hata kiatu hakiingii, na malaria juu. Sasa amelala ndani. Jana aliniambia akipona ataanzia Vanga, pale pwani ya Kenya inapoanzia, kijiji kwa kijiji, kwa sababu wewe ulisema maji huelekea Tanga, kisha Kenya.

Sikulaumu kwa kuandika kuhusu maji. Uliandika kweli. Lakini nimefundisha watoto miaka ishirini na tisa, na najua mtoto anaposema kweli moja ili asiulizwe nyingine.

Ile barua yako ya kwanza nimeisoma tena jana. Nilikuuliza mara moja kama uliona kitu. Umenijibu mara tatu kwamba bahari ilikuwa tupu.

Shakiru, niambie. Hata likiwa nini. Atakwenda Vanga na atafia njiani.

Yuditha


Pangani
30 Juni 2024

Mama Godlove,

Shikamoo. Ukimaliza kusoma barua hii huenda usitake shikamoo yangu tena, kwa hiyo naitoa sasa.

Bahari haikuwa tupu.

Picha zangu hupigwa kwa kuiacha kamera wazi dakika nne au tano, imesimama kwenye miguu yake mitatu, mpaka mawimbi yote yafutike na maji yawe kama ukungu. Kabla ya hapo hupiga moja ya haraka, ya kupima. Siku ile niliipiga ya kupima saa moja kamili. Baada ya kuipiga nikaona kuna kitu majini, cheusi, chini kidogo ya mstari, upande wa kulia. Umbali wake kama viwanja vinne vya mpira. Kilikuwa kinapanda na kushuka.

Nilidhani ni gogo. Baada ya mvua mto Pangani huleta magogo mengi.

Kitu kinachosogea polepole kikikaa mbele ya kamera iliyo wazi dakika nne huacha mchirizi, na picha inaharibika. Kwa hiyo nilingoja kiondoke. Niliketi juu ya jiwe. Nilikuwa na chupa ya chai. Mama, nilikunywa chai. Niliangalia saa mara nyingi kwa sababu mwanga ule wa mawingu ulikuwa mzuri na niliogopa jua litatoboa. Kilisogea taratibu kuelekea kushoto, yaani kaskazini. Baadaye nikainamia kamera kurekebisha, nilipoinua kichwa hakikuwepo. Nikafurahi. Nikapiga picha. Ni hiyo iliyoko Moshi, na ni hiyo uliyonayo kabatini. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini.

Simu ilikuwa mfukoni. Nyuma yangu, mwendo wa dakika kumi, kuna wavuvi na boti zao zilikuwa nchi kavu.

Jioni niliposikia habari ya ajali nilijua. Sikusema. Kila siku niliyochelewa kusema iliifanya ile inayofuata iwe ngumu zaidi. Nikausafisha mkanda, nikaiona ile ya kupima, nikaifungia kwenye bahasha. Ile nyingine nikaiuza kwa watu wa hosteli pamoja na tarehe yake. Sijui kwa nini niliandika saa. Huwa siandiki saa kwenye picha zangu.

Ulipoandika mara ya kwanza nilipata nafasi, nikaikataa. Uliponitumia ile kahawa nilitaka kuitupa, nikainywa. Ulipouliza kuhusu maji nilikimbilia maji.

Nimeisafisha ile picha ya kupima na kuikuza. Imo humu ndani. Godlove ni hilo doa. Mwonyeshe mzee asiende Vanga. Kwa mwendo wa maji na kwa saa zile, hapakuwa na kitu kingine pale, na baada ya hapo hakuonekana tena. Amefia pale mbele yangu.

Sikuombi chochote.

Shakiru Sadallah


Moshi
Jumapili, 18 Agosti 2024

Shakiru,

Mimi ni Eunike, dada yake Godlove. Sio mtu wa barua na sikutaka kukuandikia. Mama ndiye aliyesema lazima ujue yaliyotokea, halafu yeye mwenyewe akakataa kushika kalamu.

Bahasha yako nilimpelekea mwenyewe, nikijua ni barua tu kama siku zote. Aliisoma akiwa kwenye migomba, peke yake. Siku tatu aliendelea na kazi zake. Anapika, anafagia, anampa baba dawa. Siku ya nne alinipigia, akasema, "Njoo, sitaweza kuisoma kwa sauti."

Kwa hiyo niliisoma mimi. Baba ameketi kitandani, mama amesimama dirishani ametugeuzia mgongo. Nilipofika kwenye ile saa, baba akanisimamisha.

"Dakika ngapi?"

"Arobaini, baba."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akasema, "Alikuwa hai dakika arobaini." Hakuuliza, alisema tu. Akaomba picha. Akatoka nayo nje kwenye mwanga, na ile miguu yake iliyovimba, akasimama uani muda mrefu. Mimi nimeiangalia picha hiyo. Ni doa kama punje ya ulezi. Halina kichwa, halina mkono. Baba aliporudi mama akamuuliza kama ni yeye. Akasema, "Ndiye. Anavyoinamisha shingo."

Jumamosi tarehe kumi tulimzika. Tulizika suruali mbili, sweta, na viatu vyake vya mlimani. Watu walikuwa wengi. Wapagazi wenzake na waongozaji walikuja kutoka Marangu, wakabeba lile sanduku jepesi watu sita kana kwamba lina uzito. Madereva wawili wa Holili walikuja pia. Sijui nani aliwaambia.

Mama alidhani tukizika baba atapumzika. Kweli mpakani haendi tena. Haendi popote. Zamani alikuwa na Jumamosi yake, anapiga kiatu rangi, anakula, anatuambia habari za njiani. Sasa anakaa sebuleni, picha yako ameiegemeza kwenye redio, anaitazama kutoka asubuhi mpaka giza. Amepungua mpaka mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya. Jana nilimsikia mama jikoni akisema peke yake, "Ningemwacha aende Vanga." Ndiyo hali ilivyo.

Mimi bado nafanya kazi mapokezi. Nilimwomba meneja aitoe ile picha yako ukutani. Alisema wageni wanaipenda, inawatuliza. Ni kweli. Kila siku kuna anayeweka begi chini na kusema, pazuri hapa ni wapi. Namwambia Pangani.

Usije Mwika. Mama hajanituma nikwambie anakuchukia, wala hajanituma nikwambie lingine. Amesema tu nikujulishe barua imefika.

Eunike


Mwika
1 Septemba 2024

Kijana Shakiru,

Mimi ni Ebenezeri Mlay, baba yake Godlove. Mwandiko wangu ni mbaya, utavumilia. Bahasha hii Eunike hajui kilichomo, nimeifunga mwenyewe.

Sikuandikii kukulaumu. Wala kukusamehe, nguvu hizo sina. Nina swali.

Umeandika kwamba ulidhani ni gogo. Mimi nimefanya kazi na magogo maisha yangu yote. Nimeyaona yakielea mtoni wakati wa mvua. Mtu hahitaji dakika arobaini kulitambua gogo. Hahitaji hata mbili. Gogo halina la kukufanya uendelee kulitazama.

Picha hii nimeitazama mpaka macho yanauma, na doa ni doa, haliniambii zaidi. Lakini kamera ilitazama mara moja tu, wewe ulitazama muda wote ule.

Je, alipunga mkono?

Nijibu ulivyoona. Usinihurumie. Mke wangu ulimhurumia katika barua yako ya kwanza, na mimi nikaenda Mombasa.

Ebenezeri Mlay


Pangani
15 Septemba 2024

Mzee Ebenezeri,

Shikamoo.

Mwezi wa saba nilikwenda kituo cha polisi nikaandikisha maelezo. Askari aliandika yote, akanisomea, nikaweka sahihi. Akaniuliza nataka wafanye nini sasa. Hata kwenye maelezo hayo nilisema ni gogo.

Umeniuliza nilivyoona. Nakujibu.

Ndiyo. Alipunga.

Mara ya kwanza ilikuwa kama saa moja na dakika kumi. Kitu kiliinuka juu ya maji kikashuka. Nilijiambia ni ndege ametua juu ya gogo. Nilikaza macho nimwone ndege akiruka. Hakuna ndege aliyeruka.

Mara ya pili ilikuwa baadaye, robo saa hivi. Safari hii uliinuka ukakaa. Ulikuwa mkono, mzee. Nilijua ni mkono kabla haujashuka. Nilisimama pale juu ya jiwe, na nakumbuka nilitazama nyuma kijijini, nikatazama na kamera iliyokuwa tayari imepangwa, nikafikiri nikiondoka nitaukosa mwanga. Sikufikiri kwa maneno. Lakini ndivyo nilivyofikiri. Kisha nikajiambia tena ni gogo, na safari hii nililazimika kujiambia mara kadhaa. Nikaketi.

Kuna jingine ambalo hukuniuliza, na sijamwambia mtu. Nikikuacha bila kulijua nitakuwa nimekuhurumia, nawe umenikataza.

Mkono ule haukupungwa kuelekea kwenye maji mapana, kama mtu anayeita meli asiyoiona. Ulipungwa kuelekea ufukweni. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyunyiza kidogo, nami nilivaa koti la mvua la plastiki, la rangi ya njano. Ufukwe mzima hapakuwa na mtu mwingine.

Aliniona.

Shakiru Sadallah